Kilicho Chini ya Sakafu: Fundi Aiuzeje Kazi Yake kwa Haki?

Masika yanapokatika katika mwambao wa Tanga, na jua likaanza kukausha kuta zilizolowa tangu mwezi wa Machi, ndipo wenye nyumba wengi wanapogundua jambo ambalo mvua ilikuwa imelificha. Mlango wa chumba cha nyuma haufungiki sawasawa. Maji ya kupigia deki, yaliyokuwa yakielekea mlangoni, sasa yanakusanyika pembeni, karibu na ukuta wa bafu. Baina ya sakafu na ukuta pamefunguka mwanya ambao mwaka jana haukuwepo, na sisimizi wameshaufanya njia. Sakafu imetitia.

Nyumba tunayoizungumzia si ya mtu mmoja. Ni nyumba ambayo kila msomaji wetu wa Ngamiani, Makorora, Msambweni au Pangani anaifahamu: ukumbi katikati, vyumba kushoto na kulia, uani penye jiko na bafu, na baraza mbele. Imejengwa kwa akiba ya miaka mingi, tofali baada ya tofali. Ndani yake yupo bibi anayeamka kabla ya alfajiri kwenda kutawadha. Hupita gizani juu ya sakafu ambayo upande mmoja umeshuka upana wa vidole viwili. Kwake yeye sentimita hizo tatu si suala la urembo. Ni kujikwaa na kuanguka, na kwa mtu wa umri wake, nyonga ikivunjika huenda asisimame tena kwa miguu yake.

Kisha huja fundi. Huitazama sakafu, hutikisa kichwa, husema: "Bibi, hapa tumwage zege jipya juu yake, tupange na marumaru, utasahau kabisa." Hulipwa, naye hufanya kama alivyosema. Sakafu hupendeza mwaka mmoja. Masika mengine yakipita, marumaru hupasuka palepale. Huja fundi wa pili na maneno yaleyale. Akiba iliyowekwa kwa ajili ya harusi ya mjukuu imeingia ardhini mara mbili, na uwazi ulio chini ya sakafu bado upo kama ulivyokuwa.

Juma hili tumeona vyema kuizungumzia kazi hii ya kuinua na kutengeneza sakafu zilizotitia, tukielekeza maneno kwa pande zote mbili: kwa fundi anayetaka kuiuza kazi yake, na kwa familia inayotaka kuinunua bila kudhulumika. Tunaamini kwamba fundi mwaminifu anayo soko kubwa katika mwambao huu, na kwamba njia ya kulipata ni moja tu: kumwonyesha mwenye nyumba kilicho chini kabla ya kumtajia bei ya kilicho juu.

Kwa nini sakafu hushuka ilhali ukuta umesimama

Wengi hudhani kwamba nyumba ni kitu kimoja, ikishuka hushuka yote. Sivyo. Ukuta umekaa juu ya msingi, na msingi umechimbiwa mpaka kwenye ardhi ngumu. Sakafu haikukaa juu ya msingi. Jamvi la zege limemwagwa juu ya kifusi kilichojazwa baina ya kuta za msingi. Kifusi kile kikiwa kimeshindiliwa vizuri, tabaka baada ya tabaka, jamvi litatulia miaka mingi. Kikiwa kimemwagwa kwa toroli na kusawazishwa kwa koleo tu, au kimechanganywa na takataka, mizizi na magunia, kitajishindilia chenyewe polepole, na jamvi litabaki likining'inia juu ya uwazi mpaka uzito wa kabati au wa watu ulivunje.

Adui mkubwa kuliko wote ni maji. Mwambao wetu umekaa juu ya mawe ya chokaa, na Mapango ya Amboni, kilomita chache tu kutoka mjini, yanatuonyesha kile ambacho maji yanaweza kuufanya mwamba wa chokaa kwa muda mrefu. Chini ya nyumba zetu kazi ya maji ni ya haraka zaidi, kwa kuwa hayakutani na mwamba bali mchanga na kifusi. Bomba la bafu linalovuja kidogo kidogo, maji ya paa lisilo na gata yanayoanguka kandokando ya msingi, karo la uani lisilo na mfereji wa kutolea maji, mahali pa kutawadhia pasiposakafiwa vizuri: vyote hivi hubeba chembe za udongo na kuziondoa chini ya jamvi. Mti uliong'olewa ukaacha mizizi ya kuoza, au kichuguu cha mchwa kilichofukiwa badala ya kuchimbuliwa, huleta matokeo yaleyale.

Ndiyo maana kumwaga zege jipya juu ya sakafu iliyotitia si matengenezo. Ni kumwongezea mzigo mtu aliyekwisha kuzama. Saruji hatuikosi, kwani inazalishwa papa hapa Pongwe tangu miaka ya 1980, na mchanga na kokoto hupatikana. Tunachokikosa mara nyingi ni subira ya kuuliza kwanza udongo umekwenda wapi.

Nafaka iliyolowa

Wanavyuoni wetu hupenda kusimulia kisa kilichopokewa na Imamu Muslim, cha Mtume Muhammad (s.a.w.) alipopita sokoni na kuona rundo la nafaka. Kwa juu ilikuwa kavu na ya kuvutia. Akaingiza mkono wake ndani ya rundo, vidole vikakuta unyevu. Alipomuuliza muuzaji, akajibiwa kwamba mvua ndiyo iliyoinyeshea. Mtume (s.a.w.) hakumlaumu kwa mvua, maana mvua ni amri ya Allah (s.w.). Alimuuliza kwa nini hakuiweka ile iliyolowa juu, watu wakaiona. Kisha akaeleza wazi kwamba mwenye kughushi hayumo katika mwenendo wake.

Tukikitafakari kisa hiki tutaona kwamba hakuna biashara inayofanana nacho kuliko ya fundi wa sakafu. Yeye anauza kitu ambacho mnunuzi hakioni na hatakiona. Zege likishamwagwa na marumaru kupangwa, hakuna awezaye kujua kama chini yake kuna kifusi kilichoshindiliwa au pango. Nafaka kavu iko juu, iliyolowa iko chini, na mkono wa bibi wa watu hauwezi kupenya zege kuitafuta. Fundi peke yake ndiye aijuaye, na Mola wake.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ya kuiuza kazi hii ni kuileta juu nafaka iliyolowa. Fundi na atembee na nyundo ndogo, aigonge sakafu hatua kwa hatua mbele ya wenye nyumba, wasikie kwa masikio yao tofauti ya mlio: mahali palipojaa hulia kwa uzito, penye uwazi hulia kama ngoma. Kila palipolia kitupu apazungushie chaki. Kisha achukue mpira mwembamba wa plastiki uliojazwa maji, ambao kila fundi wa ujenzi anaujua, apime kimo cha sakafu pembe zote nne za chumba, na aandike vipimo ukutani kwa penseli. Penye ufa aweke alama mbili, moja kila mwisho wa ufa, pamoja na tarehe, ili baada ya miezi miwili familia yenyewe ione kama ufa unakua au umetulia.

Kazi hii haichukui zaidi ya saa moja, nayo hufanya kile ambacho maneno elfu moja hayawezi kufanya. Mwenye nyumba aliyekuwa akifikiri ananunua urembo, sasa anaona kwamba ananunua kitu kingine. Mama aliyekuwa akiogopa kudanganywa, sasa anazo alama za chaki anazoweza kumwonyesha kaka yake au fundi mwingine. Na fundi asiogope kwamba fundi mwingine ataitwa. Anayeyaacha maarifa yake wazi juu ya sakafu ya watu ndiye anayerudiwa.

Njia tatu, na hesabu ya kila moja

Baada ya kukionyesha kilicho chini, fundi aeleze njia zilizopo, pamoja na zile ambazo yeye mwenyewe hazifanyi.

Njia ya kwanza ni kubomoa na kumwaga upya. Tuchukue chumba cha mita 4 kwa mita 3, chenye jamvi la unene wa sentimita 10. Zege lake ni mita za ujazo 1.2, na uzito wake unakaribia tani 3. Zege hilo lote livunjwe, libebwe kwa toroli kupitia ukumbini, kisha kifusi kishindiliwe upya tabaka baada ya tabaka, na jamvi jipya limwagwe kwa mifuko 7 hadi 8 ya saruji. Zege jipya linahitaji kumwagiwa maji kila siku kwa juma zima angalau, na nguvu yake kamili huhesabiwa kwa siku 28. Njia hii ina vumbi na usumbufu, lakini inao ubora mmoja usio na mfano: kila kitu kinaonekana. Udongo uliokwenda unaonekana, bomba linalovuja linaonekana.

Njia ya pili ni kuliinua jamvi lenyewe bila kulivunja. Hutobolewa matundu ya kiasi cha sentimita 5 kwa upana, kisha uji wa saruji na mchanga laini husukumwa kwa pampu mpaka uujaze uwazi na kuanza kulipandisha jamvi kidogo kidogo. Ufundi huu ulianza Marekani katika miaka ya 1930, kwa ajili ya barabara za zege zilizotitia. Turudi kwenye chumba chetu. Ikiwa upande mmoja umeshuka sentimita 3 na upande wa pili haukushuka, wastani ni sentimita moja na nusu. Uwazi wa kujazwa ni kiasi cha lita 180, yaani ndoo 9 za lita 20. Kama udongo umekwenda mbali zaidi, ndoo zitazidi. Lakini msomaji aone tofauti: ndoo 9 za uji upande huu, na tani 3 za vifusi upande ule.

Njia ya tatu ni ya povu la kemikali, ambayo ilipata umaarufu kutokea Finland katika miaka ya 1970. Matundu yake ni madogo, chini ya sentimita 2, na povu hutanuka na kugumu katika muda wa dakika chache. Ubora wake ni wepesi, kwa kuwa haliuongezei udongo laini mzigo mkubwa, ilhali mita moja ya ujazo ya uji wa saruji hufikia uzito wa tani mbili. Kasoro yake ni mashine na kemikali, ambazo huipandisha gharama juu ya uwezo wa familia nyingi.

Fundi mkweli hutaja pia mipaka. Jamvi jembamba la sentimita 5, ambalo limo katika nyumba nyingi zilizojengwa kwa kubana matumizi, halivumilii kusukumwa kutoka chini. Litapasuka vipande vipande. Uji unaosukumwa bila kuulizia mabomba yalipopita unaweza kuingia ndani ya bomba la maji taka na kulijaza, na familia iliyokuwa na tatizo moja sasa ina mawili. Shimo la choo lililo karibu linaweza kuumeza uji wote bila sakafu kupanda hata unywele. Basi kabla ya pampu kuwashwa, fundi akae na wazee wa nyumba awaulize: bomba limepita wapi, shimo la zamani lilikuwa wapi, nani aliyejenga, hapa palikuwa na mti gani? Mara nyingi bibi anayakumbuka yote.

Na mchanga wa ufukweni, hata ukiwa karibu na bila ya gharama, usiingie katika kazi hii. Chumvi yake huvuta unyevu na kula nondo, na aibu yake hudhihiri fundi akiwa ameshasahau njia ya kwenda nyumba ile.

Adabu ya mlangoni

Katika mwambao wetu, anayefungua mlango mchana mara nyingi ni mwanamke. Mume yuko baharini, yuko Dar es Salaam, yuko Muscat, au ametangulia mbele ya haki. Fundi anayeuza kazi ya ndani ya nyumba anaingia katika sitara ya watu, na Suratun-Nur imetufundisha kwamba nyumba isiyo yetu haiingiwi mpaka tuombe idhini na kuwatolea salamu watu wake.

Tungependa fundi aiweke adabu hii iwe sehemu ya kazi yake. Abishe hodi na asubiri barazani. Mwanamke akiwa peke yake, asiingie. Aseme kwa upole: "Mama, nitarudi jioni akiwepo kaka au mwanao, ili tuangalie pamoja." Vipimo vya mwanzo vya baraza na vya nje ya kuta anaweza kuvichukua bila kuingia. Mama akiwa katika eda, kazi isiyo ya dharura isubiri, na iliyo ya dharura isimamiwe na mahramu wake. Vibarua waje na mavazi ya heshima, na wakati wa Sala ukifika kelele zisimame.

Wako watakaosema kwamba hayo ni dini, si biashara. Sisi tunasema ni vyote viwili. Habari za fundi hazitangazwi na mabango. Zinatangazwa arusini, msibani na chuoni watoto wanaposubiriwa, na anayezitangaza ni yule mama aliyeachiwa mlango wake kwa heshima. Akisema, "Yule kijana ana adabu, na hakunitajia bei mpaka aliponionyesha," mtaa mzima umesikia.

Upo pia uuzaji wa kutisha, ambao tunauonya vikali. Fundi huiona nyufa moja ya plasta na kuanza kusema kwamba nyumba itawaangukia watoto. Huitaja na methali tunayoijua sote, ya asiyeziba ufa kuja kujenga ukuta. Methali ni ya kweli, lakini ufa si wa kuzibwa kabla ya kujulikana chanzo chake, na si kila ufa ni maafa. Kumtia hofu mjane ili afungue mfuko wake ni kula mali kwa batili, hata kama kazi yenyewe imefanyika.

Bei, maandishi na dhamana

Sheria yetu inakataza gharari, yaani mauzo yenye utata ambao upande mmoja haujui unanunua nini. Kazi ya kuinua sakafu ina utata kwa maumbile yake, kwa kuwa hakuna ajuaye kwa yakini ni ndoo ngapi zitaingia. Lakini utata huo unaweza kupunguzwa. Wakubaliane bei ya kila mfuko wa saruji unaotumika, mifuko ihesabiwe mbele ya mtu wa nyumba, na iwekwe idadi ambayo haivukwi bila ya fundi kusimama, kueleza, na kupewa idhini mpya. Suratul-Mutaffifin imewaonya wanaopunja vipimo. Fundi anayehesabu mifuko 12 ilhali imeingia 9 asidhani kwamba onyo lile linawahusu wauza nafaka peke yao.

Wakishakubaliana, waandike. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul-Baqara, inahusu kuandika mapatano ya deni na kuweka mashahidi. Hiyo peke yake ingetosha kutuonyesha kwamba maandishi baina ya Waislamu si dalili ya kutoaminiana. Karatasi moja inatosha, yenye mambo haya: vipimo vya sakafu kabla ya kazi, njia itakayotumika, idadi ya juu ya vifaa, kiasi sakafu itakachopandishwa, ni nani atakayetengeneza bomba au gata lililosababisha, bei, na awamu za malipo, na muda ambao fundi atarudi bila malipo ikiwa sakafu itashuka tena.

Kipengele cha bomba na gata tunakikazia. Kuinua sakafu bila kuzuia maji ni kujaza ndoo iliyotoboka. Fundi anayejua kwamba maji ya paa yataiosha kazi yake masika ijayo, naye akanyamaza ili aitwe tena, ameificha nafaka iliyolowa kwa mara ya pili. Kinyume chake, anayemwambia mwenye nyumba aanze na gata na mfereji mwaka huu, na sakafu aiache mwakani, amepoteza kazi ya juma moja na kupata mteja wa maisha.

Kuhusu malipo, familia nyingi hazina fedha zote kwa mkupuo. Fundi anaweza kuigawa kazi: bafu na ukumbi kwanza, ambako wazee hupita, vyumba baadaye. Au akubali awamu kwa bei moja waliyoafikiana tangu mwanzo, isiyoongezeka kwa sababu ya kuchelewa, ili riba isipate mlango. Nao wenye nyumba wakumbuke upande wao. Tumefundishwa kumpa mfanyakazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Kumzungusha fundi kwa "njoo kesho, njoo Jumamosi", ilhali kazi imekamilika na fedha zipo, ni dhuluma sawasawa na ile ya fundi aliyeghushi.

Na uko ughushi mwingine ambao ni wa mwenye nyumba mwenyewe: kuipangia marumaru sakafu iliyotitia kwa haraka ili nyumba iuzwe au ipangishwe, mnunuzi asijue. Mafakihi wamempa mnunuzi haki ya kurudisha kitu kilichofichwa aibu yake. Fundi anayeombwa kushiriki katika kificho hicho akatae, hata kama malipo ni mazuri. Mkono wake ndio utakaokuwa umeifunika nafaka.

Kusema "kazi hii si yangu"

Jambo gumu kuliko yote kwa muuzaji ni kuikataa kazi. Lakini kuna dalili ambazo fundi wa sakafu akiziona, ni wajibu wake kuweka nyundo chini. Nyufa za mshazari zinazoanzia pembe za madirisha na kupanda ukutani; ukuta wenyewe kuinama ukipimwa kwa timazi; ufa unaopita ndani ya tofali badala ya kufuata maungo yake; nguzo ya baraza iliyotengana na mkanda. Hizi si dalili za jamvi. Ni msingi unaotembea, na msingi hauinuliwi kwa ndoo za uji. Hapo anatakiwa mhandisi, na kazi ikiwa kubwa anatakiwa mkandarasi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, ambayo ilianzishwa kwa Sheria Na. 17 ya mwaka 1997 ili mwananchi awe na mahali pa kuuliza na kushitaki.

Vijana wetu wanaotaka kuingia katika kazi hii tunawashauri wasitosheke na kubeba zege kwa miaka miwili nyuma ya fundi mkubwa. Vyuo vya VETA, kikiwemo cha Tanga, hufundisha uashi, na cheti humsaidia kijana kuaminiwa mlangoni. Lakini cheti hakiwezi kumfundisha kusema, "Mzee wangu, hapa nitakula fedha yako bure." Hilo hujifunza nyumbani na msikitini.

Katika Suratul-Kahf, ambayo wengi wetu huisoma kila Ijumaa, kimo kisa cha Nabii Musa (a.s.) na yule mja mwema ambaye wafasiri humtaja kuwa ni Khidhri. Walifika katika mji ambao watu wake waliwanyima hata chakula. Wakaukuta ukuta unaotaka kuanguka, na yule mja akausimamisha. Nabii Musa akamkumbusha kwamba angeweza kudai ujira. Baadaye ndipo siri ilipofunuliwa: ukuta ule ulikuwa wa mayatima wawili, na chini yake ilikuwapo hazina yao, ambayo ingepotea kama ukuta ungeanguka kabla hawajakua.

Hatusemi fundi afanye kazi bure, kwani ujira wa halali ni haki yake na riziki ya watoto wake. Tunachojifunza ni kwamba aliyeusimamisha ukuta ule aliangalia kilicho chini, na aliwaangalia wenye ukuta, kabla ya kuangalia malipo. Chini ya sakafu za Ngamiani na Pangani hakuna dhahabu. Kuna akiba ya baba aliyekwisha kufa, kuna miaka ya mama ya kuuza vitumbua, kuna fedha aliyoituma kijana kutoka ughaibuni. Hiyo ndiyo hazina, na mara nyingi wenyewe ni mayatima kweli.

Basi fundi atakayekuja mlangoni masika haya yakikatika, na atoe salamu, asubiri kukaribishwa, achukue nyundo yake ndogo na chaki. Aanze kugonga kutoka ukumbini kuelekea bafuni, njia anayopita bibi kabla ya alfajiri. Nasi wenye nyumba tukae kimya, tusikilize mlio, na tuulize bei baada ya hapo.